Hatua Moja Nyuma ya Fimbo

Methusela hakuwa mrefu. Tuanze na hilo, maana watu wakisikia bingwa wa kuruka wanamfikiria mtu mwenye miguu ya twiga. Alikuwa na kimo cha kawaida, kifua chembamba, ndewe za masikio zimetobolewa na kuvutwa kama za Wagogo wenzake wa wakati ule, na visigino vigumu kiasi kwamba mwiba wa mgunga ulikuwa unavunjikia kwake. Alizaliwa upande wa Chamwino, kwenye nyumba ya tembe, ile ya paa la udongo lililolala bapa, na kabla hajajua kuvaa nguo alishajua kuchunga mbuzi.

Kuruka alifundishwa na korongo. Karibu na kwao palikuwa na korongo la mchanga, kavu miezi minane, na mvua ikinyesha milimani linageuka mto wa tope ghafla. Mbuzi hawana akili ya kusubiri. Asubuhi wanavuka pakiwa pakavu, mchana maji yanashuka, jioni wako ng'ambo wanalia. Katikati palikuwa na mawe mawili yametokeza migongo. Kwa hiyo unajirusha kwa mguu wa kulia, unatua jiwe la kwanza kwa kulia uleule, unasukuma tena, jiwe la pili unalikanyaga kwa kushoto, halafu unajitupa ng'ambo kwa miguu yote miwili. Ukikosea unakula tope, na mbuzi wanakuangalia. Methusela alikula tope sana. Halafu akaacha kula.

Kuna jambo lingine la utotoni lazima lisemwe, la sivyo hutaelewa yaliyotokea baadaye. Katika ukoo wao, ng'ombe akishikwa na uchungu wa kuzaa, mwenye zizi analaza fimbo mlangoni. Fimbo ikishalala haivukwi, si na mtu si na mbwa. Anayeiinua ni yuleyule aliyeilaza, na akiinua anasema kwa sauti, "Ng'ombe amezaa," ndipo watu wanapita. Sasa Methusela, ana miaka kama minane, alikuwa anafukuza beberu, akairuka ile fimbo bila hata kuiona. Ndama akatoka amekufa. Labda angekufa vilevile, nani anajua. Baba yake hakumchapa. Angemchapa ingekuwa nafuu. Alinyamaza tu, msimu mzima wa kilimo, hakumsemesha zaidi ya "njoo" na "nenda". Tangu hapo miguu ya Methusela ikiona fimbo imelala chini inasimama yenyewe, haiombi ruhusa.

Baadaye wamisionari walimbatiza wakampa hilo jina la Methusela, na mwalimu wa dini akamwambia mambo ya fimbo na ndama ni ujinga. Akakubali. Ila kilichomwagiwa maji ni kichwa, miguu ilibaki ilivyo.

Reli ya Mjerumani ilipofika Dodoma alikuwa na miaka ishirini na kitu, ana mke, Yudith, na binti mdogo, Loisi. Kwenye reli hakwenda kwa kupenda. Boma lilimwambia jumbe wao atoe watu arobaini, wakatolewa arobaini, basi. Kazi yenyewe ilikuwa kubeba mataruma, vile vyuma vinavyolazwa chini ya reli, na vilikuwa vizito, lakini uzito Mgogo anauweza. Kilichoumiza ni mwezi. Boma lilikuwa linachukua watu Januari, mtama umefika magotini na magugu yamefika kiunoni. Mwanaume yuko kwenye reli, shamba linapaliliwa na nani? Mwaka ule Yudith alipalilia nusu, Loisi mgongoni. Nusu nyingine ilikwenda na magugu. Kufikia mwezi wa kumi walikuwa wanakula mlenda mtupu, bila ugali, na mama mzazi wa Yudith hakuuona mwezi wa kumi na moja. Nyumba nyingi za kwao zilikuwa na hadithi kama hiyo, na hakuna aliyekuwa anaisimulia kwa sababu haikuwa habari mpya kwa mtu yeyote.

Mkubwa wa boma alikuwa Mjerumani mmoja ambaye watu walimwita Bwana Kamba, kwa sababu alitembea na utepe wa kupimia mfukoni. Alipima reli, alipima milango, siku moja alimpima punda. Mwisho wa mwaka 1910 alikuwa amesimama kwenye tuta la reli akamwona mtu mwenye kibuyu cha maji anavuka mfereji mpana kwa miruko mitatu, kulia, kulia, kushoto, na maji hayakumwagika.

"Wewe!" akaita. "Rudi! Fanya tena!"

Methusela alidhani amekosa. Akafanya tena, huku anasikilizia kiboko mgongoni. Kiboko hakikuja, ulikuja utepe.

"Kwetu Ulaya huu ni mchezo," Bwana Kamba akasema, kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Siku ya Kaizari utaruka."

Siku ya Kaizari ilikuwa mwishoni mwa Januari, siku aliyozaliwa mfalme wao. Askari walipiga gwaride, watu wa mji walikimbizana na kuvutana kamba, na safari hii ukaongezwa mruko wa mara tatu. Shaushi Rajabu, askari mwenye cheo na tumbo, alipewa kazi ya kuweka alama ya kurukia. Akachukua fimbo iliyopakwa chokaa, akailaza chini kukatiza njia. Ukikanyaga mbele yake mruko umeharibika. Utepe unaanzia kwenye fimbo, unaishia visigino vilipotua.

Umeshaona balaa linapokuja.

Methusela alikimbia vizuri, mbio za kuteleza za mtu asiye na haraka. Alipoiona fimbo imelala, miguu ikagoma. Haikusimama kabisa, ila iliruka mapema, hatua nzima nyuma ya fimbo. Hatua nzima! Watu wakacheka. "Mgogo anaogopa fimbo! Anadhani ni nyoka!" Alipotua kicheko kikakatika. Pamoja na kuipa fimbo hatua ya bure, alimpita aliyemfuata kwa urefu wa mtu aliyelala.

Bwana Kamba akapima mara mbili. Akamwuliza, "Unataka nini? Blanketi? Rupia tano?"

Kiswahili cha Methusela kilikuwa cha kujifunzia kwenye reli, na hakukipenda mbele za watu. Alijikaza. "Bwana, blanketi sitaki. Watu ya kwetu ipalilie kwanza. Ikivuna, utaita."

Mzungu alicheka hadi akashika mkanda. Lakini alikuwa mtu wa kipimo, na mtu wa kipimo akisema ndiyo ni ndiyo. Akaamuru karani aandike: watu wa jumbe yule wasiguswe mpaka mavuno. Mwaka ule kwao walipalilia wote, na Yudith alipika ugali mpaka mwaka ukageuka. Januari 1912 akaruka tena, kutoka hatua moja nyuma, akashinda tena, akaomba lilelile.

Hapo ndipo sifa ilipomwendea mbali, na hapo ndipo vijana wa mji walipofanya ujinga wao. Waliona bingwa anaruka hatua moja nyuma ya fimbo, wakaamua siri iko hapo. Kila jioni kwenye uwanja wa minada ungewakuta, watoto wa wafanyabiashara wa misafara, watoto wa askari, wote wanalaza fimbo na kurukia nyuma yake, na kufundishana kwa ukali: "Siyo hapo, bwege! Rudi nyuma! Methusela anaacha pengo!" Mji mzima ulikuwa unatupa hatua nzima kwa hiari na kuiita ufundi. Methusela alikuwa anapita na mzigo wake, anawaona, anainamisha kichwa. Angewaambia nini? Kwamba anamwogopa ndama aliyekufa zamani? Mji tayari ulikuwa unawaita Wagogo washamba. Alinyamaza. Kwa kunyamaza alikuwa hodari kama baba yake.

Mmoja wa wale vijana alikuwa Mustapha, mshona kanzu kwenye duka la Mhindi, miaka kumi na tisa, mdomo mkubwa na miguu mizuri sana, lazima tukubali. Mwishoni mwa 1912 Mustapha alichoka kuacha pengo. Akasogea, akaruka fimbo ikiwa chini ya vidole vyake, akaona ametua pale ambapo hajawahi kutua. Mji ukapata mtu.

Na Methusela upande wake alikuwa amepata kisigino. Reli ilimwangukia kisigino cha mguu wa kulia kwenye mwezi wa tisa, alipoitwa baada ya mavuno. Alipona, lakini asubuhi alikuwa anachechemea mpaka jua lipande.

"Baba Loisi," Yudith alimwambia siku ya kuondoka kwenda kwenye mashindano ya 1913, anamfunga kitambaa kifundoni, "ukishindwa si kosa lako."

"Nikishindwa wanakwenda Malagarasi."

Reli wakati huo ilishapita Tabora, inatafuta Ziwa Tanganyika, na huko Malagarasi kulikuwa na homa. Wa kwao wawili waliopelekwa baada ya mavuno walirudi wamekuwa wanne, yaani wao na magongo yao. Wengine watatu hawakurudi.

"Najua wanakokwenda," Yudith akasema. "Nimesema si kosa lako. Sijasema ushindwe."

Walikwenda naye watu kama sitini wa kwao, wanawake na majembe yao mabegani kabisa, maana walitoka shamba na walitaka kurudi shamba. Sila, rafiki yake wa tangu mbuzi, ndiye aliyebeba chakula.

Uwanjani Mustapha alikuwa ameshavua kanzu. "Shikamoo, babu!" akapiga kelele. Methusela alikuwa hata thelathini hajafika. Mji ukacheka.

"Marahaba, mjukuu," Sila akajibu kwa niaba yake. "Umekula? Umekonda kama sindano yako."

"Sindano inapenya, babu wa pili!"

Kila mtu alikuwa na miruko mitatu. Wengine wote waliondoka mapema, wakabaki wawili hao. Mustapha wa kwanza: mita kumi na tatu. Methusela, hatua nyuma ya fimbo: kumi na mbili na tisini. Mustapha wa pili: kumi na tatu na arobaini, na mji ukaruka pamoja naye. Methusela wa pili: kumi na tatu kasoro kidogo. Kisigino kilikuwa kinawaka. Mustapha akaruka wa tatu, akakanyaga mbele ya fimbo, mruko ukafutwa, akapunga mkono kama mtu asiyejali. Alikuwa na arobaini yake tayari.

Methusela alikuwa amebakiwa na mruko mmoja.

Sila alimfuata huko mwanzo wa njia. "Sikia. Wewe humzidi huyu mtoto kwa kuruka? Unamzidi. Nimetazama unapoondokea na unapotua. Ukianzia kwenye fimbo umeshinda. Ruka fimbo basi! Mara moja!"

"Haivukwi."

"Ni fimbo ya Mzungu! Hakuna ng'ombe pale! Na hewani si unaivuka kila mwaka?"

"Kichwa kinajua," Methusela akasema. "Iambie miguu."

Akawatazama watu wa kwao. Wamekaa upande mmoja, hawapigi kelele. Yudith amesimama na jembe. Methusela aliwahesabu wanaume waliokuja, hakukusudia, akajikuta anawahesabu kama mtu wa boma anavyohesabu.

Halafu akafanya jambo gumu kuliko miruko yote aliyowahi kuruka. Hakukimbia. Alitembea, anachechemea, mbele ya mji mzima na gwaride zima, mpaka kwa Shaushi Rajabu.

"Efendi. Naomba. Hii fimbo uliilaza wewe?"

"Nani mwingine? Rudi ukaruke, jua kali."

"Kwetu fimbo kama hii ikilala, ng'ombe anazaa. Haivukwi. Aliyelaza ndiye anainua." Alikuwa anatafuta maneno ya Kiswahili mojamoja, na kila neno lilikuwa linasikika mpaka nyuma. "Mimi nilivuka, bado mtoto. Ndama ikakufa. Miguu yangu inakataa. Efendi, uinue. Halafu useme ng'ombe amezaa."

Kisha mji ukapasuka kwa kicheko. Watu walishikana mabega. Mustapha alikaa chini kabisa. Mtu mmoja akalia kama ndama, mwingine akaitikia kama ng'ombe.

Rajabu alikuwa amekunja uso. "Unataka mimi, shaushi wa Kaizari, nisimame hapa niseme nini?"

"Ng'ombe amezaa."

"Unajua hamsa ishirini, wewe?"

Hamsa ishirini ni viboko ishirini na tano. Hakuna mtu wa wakati ule aliyekuwa hajui. Methusela alitingisha kichwa kwamba anajua, na hakusogea. "Piga kwanza, kama unapiga," akasema. "Halafu uinue."

Bwana Kamba akaja na utepe wake na uso mwekundu. "Nini hapa? Kwa nini haruki?"

Rajabu akasimama wima. Inawezekana kabisa alikuwa anataka kumshitaki. Lakini alimtazama yule mtu mwenye kitambaa kifundoni, aliyekuja mwenyewe kuomba kuchekwa, na akawatazama wale wanawake na majembe yao. Shaushi alikuwa na tumbo, lakini hakuwa mjinga.

"Bwana Mkubwa," akasema, "anaomba fimbo iondolewe, ichorwe alama."

Bwana Kamba akafikiri. Kwake fimbo au mstari ni kitu kilekile, mradi kinapimika. "Chora. Upesi."

Rajabu akachomoa singe, kile kisu cha ncha ya bunduki, akachora mstari chini kando ya fimbo, umenyooka kama wa karani. Halafu akainama, akaiinua fimbo kwa mikono miwili, akavuta pumzi, na kwa sauti ya gwaride, ile inayosimamisha kikosi kizima, akanguruma: "NG'OMBE AMEZAA!"

Bwana Kamba akaruka kidogo. "Ng'ombe gani?"

Lakini Methusela, aliyekuwa ameshachechemea kurudi mwanzo wa njia, alishaanza kukimbia.

Zile mbio za kuteleza. Mguu wa kulia ukashuka nyuma ya mstari, karibu kabisa, kidole kinaugusa udongo uliochimbuliwa, na kwa mara ya kwanza mji wa Dodoma ukaona mruko wake mzima. Akapaa. Akatua kwa kulia, juu ya kile kisigino kibovu, na waliokuwa karibu walisikia kitu kimelia ndani ya mguu kama kamba ya ngoma inayokatika. Mtu mwingine angeanguka hapo. Mguu uleule ukasukuma tena. Kushoto. Halafu akajitupa, mikono mbele, kama kule ng'ambo kuna mbuzi wa baba yake.

Alitua mchangani akabaki amekaa. Hakujaribu kusimama.

Utepe ukavutwa. Bwana Kamba akapima, akapiga magoti akapima tena, akamwita karani aje aone. Mustapha alikuwa amesimama juu yao anatafuna kucha. Kumi na tatu na hamsini. Kwa kiganja kimoja.

Kelele za watu wa Chamwino hazina haja ya kuelezwa. Cha kueleza ni Mustapha. Alikwenda mpaka kwenye mchanga, akachuchumaa.

"Kaka," akasema, sasa si babu tena. "Ina maana lile pengo halikuwa ufundi?"

"Hapana."

"Mwaka mzima mimi narukia nyuma! Mtaa mzima! Nimempiga mdogo wangu makofi kwa sababu haachi pengo!"

"Niliwaona," Methusela akasema.

"Na ukanyamaza!"

"Nilikuwa naona aibu."

Mustapha akamwangalia mguu uliokuwa unavimba, akasonya, akamwingiza bega chini ya kwapa. "Haya, simama. Aibu yako imetuponza wote." Akamsaidia mpaka mbele ya Bwana Kamba, na huko Methusela akaomba kilekile alichoomba miaka miwili mfululizo, na karani akaandika kilekile.

Wakambeba kwa zamu kwenye machela mpaka nyumbani, siku nzima, Sila analalamika kwamba mabingwa ni wazito. Mguu haukurudi kuwa mguu wa kuruka. Hakuna mtu aliyeona tena ule mruko mzima. Ulirukwa mara moja tu mbele za watu, na waliouona walikuwa wanasimulia mpaka wanakera. Lakini weka mruko pembeni. Mtu anayetupa hatua nzima na bado anashinda ni hodari. Mtu anayesimama mbele ya mji unaomcheka, akaeleza kwa lugha asiyoijua vizuri kitu kinachomwogopesha, kwa sababu watu sitini wanahitaji kupalilia, huyo ni mkubwa zaidi, na huyo ndiye wa kusifiwa.

Wiki iliyofuata tarishi wa boma alipita na orodha yake kukusanya watu wa Malagarasi. Alifika kwenye njia ya kwao, akasoma karatasi, akaendelea mbele bila kukata kona. Methusela alikuwa shambani, mguu umefungwa, anapalilia amekaa.

"Umekata mtama," Yudith akamwambia.

"Wapi?"

"Hapo. Na hapo. Baba Loisi, toka. Unatuharibia."

Akatolewa, akapelekwa juu ya kichanja kufukuza ndege, kazi ya watoto, na huko alikaa mpaka masuke yakakomaa, anapiga debe na kuwatukana kwelea. Mtama ulikatwa mwezi wa sita. Wanaume wote wa kwao walikuwepo, hata wavivu.